Leo Babu Kapambwaje

Kila mwaka tuliposhuka mlimani, magoti yakitetemeka na midomo imekauka, Vasuben alitupokea kwenye mlango wa jiko la nyumba ya mahujaji, mwiko mkononi, ncha ya sari ameichomeka kiunoni. Kabla hajatupa hata maji, alituuliza, "Leo Babu kapambwaje?"

Babu ndivyo tunavyomwita yule aliyekaa juu kabisa, sanamu ya jiwe jeupe ndani ya hekalu kubwa la mlima wa Palitana. Analo jina lake refu la vitabuni, lakini sisi wafuasi wa dini ya Jaini wa Gujarat hatulitumii, kama vile mtoto asivyomwita babu yake kwa jina. Kila siku hupambwa upya. Siku nyingine ni maua tupu kuanzia magotini hadi mabegani, siku nyingine ni fedha, siku nyingine liwa na vito. Ukimwona leo, wa kesho hujamwona. Kwa hiyo swali la Vasuben lilikuwa jipya kila mwaka, na nikikumbuka tulivyokuwa tukilijibu, moyo unakuwa mzito.

"Maua, Masi," mtu alijibu, tayari amekunja miguu sakafuni na sahani mbele yake.

"Maua gani?"

"Mengi tu. Ya njano."

"Yote ya njano?"

"Na mekundu kidogo. Masi, zile chapati zinakuja?"

Zilikuja. Zilikuja moja moja, za moto, zimepakwa samli, na swali likaishia hapo mpaka mwaka mwingine.

Masi ni dada wa mama. Vasuben hakuwa dada wa mama wa yeyote kati yetu, lakini uchochoro mzima tulimwita hivyo. Tunaishi ndani ya mji mkongwe wa Ahmedabad, nyuma ya lango moja, nyumba zimetazamana karibu kiasi kwamba ukipiga chafya jirani wa mbele anakuuliza mafua umeyapata wapi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, kando ya nguzo ya kulishia njiwa. Mumewe, Ramniklal, alikuwa na duka la nyuzi, akafa bado nywele zake nyeusi. Mtoto hawakujaaliwa. Alichobaki nacho Vasuben ni nyumba, njiwa, na sufuria za uchochoro.

Sufuria hizo zilikaa kwake chini ya ngazi, kubwa za kutosha kumwogeshea mtoto, zimeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni jina la uchochoro wetu. Kila majira ya baridi, mvua zikiisha na mlima ukifunguliwa, tulikodi basi, tukapakia sufuria, jiko la gesi, magunia ya mchele na unga, kisha tukampakia Vasuben. Mitaa mingine huajiri mpishi. Sisi hatukuwahi kuwaza jambo hilo.

Namna alivyopanga chakula cha safari ilikuwa yake peke yake. Hakuuliza mnakuja wangapi. Alipita mlango hadi mlango akiuliza nani anakuja, halafu akasimama kizingitini akifikiri. Kirtibhai, kiongozi wa safari, muuza shuka, ana ugonjwa wa sukari, naye huiba vitu vitamu. Bibi wa nyumba ya tatu anakula mara moja tu kwa siku. Mama yake Kirtibhai hana meno. Fulani ameweka nadhiri ya kutokula kitu chochote chenye samli mpaka binti yake aolewe, "na kwa sura ya yule binti," Vasuben alisema, "tumzoee tu bila samli." Aliyaweka yote kichwani. Alipokuwa akichambua dengu barazani, midomo ikicheza, tulijua hasali. Anapanga.

Kwamba mwenyewe hajawahi kufika juu, nililijua nikiwa mtu mzima. Nadhani wengi wetu tulilijua na hatukulijua, kama unavyojua kwamba fundi saa wa kona ana mke, lakini hujawahi kujiuliza jina lake.

Aliniambia siku moja tukisukuma papadi, vile vikaki vyembamba vya unga wa dengu. Mwaka alioolewa, familia ya mumewe iliwapeleka Palitana, kama ilivyo desturi ya maharusi. Alikuwa amevaa sari nyekundu na bangili mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi ya kupanda, mama mkwe wake akamtazama na kusema, "Bibi harusi ana mikono myepesi. Abaki anisaidie chapati. Mlima hauendi popote." Ramniklal alikuwa mlangoni, ameshavaa nguo nyeupe za kuabudia. Akamtazama mkewe, akamtazama mama yake.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Akasema, mwakani tutapanda sisi wawili."

"Na mwakani?"

"Mwakani mama alikuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata watu wakasema, aa, mwaka ule chapati zilikuwa laini, nani alizisukuma?" Akageuza papadi yake. "Basi."

"Basi?"

"Basi ndiyo hii unayoiona, Daksha. Sukuma, hiyo yako imekuwa nene kama godoro."

Majira ya baridi ninayotaka kuyasimulia, magoti ya Vasuben yalikuwa yameanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari alimwambia atembee sasa anavyoweza, kwa kuwa huko mbele hataweza. Daktari alimaanisha bustanini. Vasuben aliusikia mlima.

Alitangaza jioni moja barazani, wanawake wamekaa na Kirtibhai amesimama akijadili basi.

"Mwaka huu napanda."

Kirtibhai akacheka. "Na nani atapika? Mimi? Basi kila mtu aje na daktari wake."

"Hakuna atakayepika. Chakula kitakuwa tayari kabla ya safari."

Manjulaben, jirani yake wa mbele, alikuwa akihesabu shanga za sala. Hakuacha kuhesabu. Manjulaben ndiye fahari ya uchochoro kwa kufunga. Kila msimu wa mvua hukaa siku nane bila chakula, kwa maji yaliyochemshwa tu, na siku ya kufungua hupitishwa barabarani kwa ngoma na tarumbeta kama bibi harusi. "Vasu," alisema, "kwa umri huu unataka mlima? Panda kwanza ngazi za kwako bila kushika ukuta."

"Naushika kwa sababu ukuta ni wangu. Wa kwako siushiki."

"Tukukodie kiti cha wabebaji, Masi," Kirtibhai akasema, sasa bila kucheka. "Watu wanne, unakaa kama malkia."

"Nibebwe mabegani? Nitabebwa siku moja, Kirti, na siku hiyo sitajua. Kabla ya hapo nina miguu."

Nilimsindikiza kununua viatu. Mlimani haturuhusu ngozi, kwa hiyo alitaka vya kitambaa. Muuzaji, kijana mwenye haraka, alimwuliza ni vya mjukuu wa kike au wa kiume. "Ni vyangu," Vasuben alisema. "Nimeota mbawa, lakini bado ndogo." Alichagua vyeupe vyenye mstari wa buluu. Siku zile za mwisho alivivaa uchochoroni, kwenda kwenye nguzo ya njiwa na kurudi, sari imepandishwa kidogo ili visichafuke, na wasichana wakapiga kelele madirishani: "Masi kachaguliwa timu ya kriketi!" Naye alirusha mkono kama anayetupa mpira. Sikuwahi kumwona na furaha ya aina ile. Ilimfanya aonekane mgeni kidogo.

Chakula kilimsumbua zaidi ya viatu. Mlimani hakuna anayepanda na chakula wala anayekula huko. Mtu anakula akishashuka, na lazima amalize kabla jua halijazama. Kwa hiyo chakula kiwe kinatungoja chini. Lakini chakula chenye maji hakilazwi kwetu. Chapati ya jana, wali wa jana, mchuzi wa jana, hivyo havigusiki. Ungekipika alfajiri kingepoa kikawa kama gundi, na watu wanashuka alasiri. Kilichobaki ni vitu vikavu: vipande vya unga uliokaangwa kwa samli na kuchanganywa na sukari guru, tambi za dengu, na khakhra, zile chapati nyembamba zinazobanwa juu ya chuma cha moto mpaka zinavunjika kama jani la kiangazi. Khakhra hukaa mwezi mzima bila neno.

"Kavu," alisema, kama anayetaja ugonjwa. "Watu wanashuka mlima, mimi nawapa vitu vya kuguguna kama panya."

"Masi, watu watashukuru."

"Watashukuru kwa mdomo. Tumbo halishukuru."

Kwa kuwa aliona haya kutupa khakhra tupu, alizitilia majani ya uwatu. Ilikuwa baridi, na majani ya uwatu wakati huo ni machanga, yananukia mpaka mtaa wa pili. Alinunua mafungu na mafungu, akayachambua jani kwa jani, akayakatakata, akayakanda kwenye unga pamoja na binzari, ufuta na pilipili kidogo. Siku mbili tulikaa barazani kwake, mmoja anasukuma, mwingine anageuza, yeye anabana kwa kile kibao chake kilichofungwa kitambaa, akizungusha, akibana, akizungusha. Uchochoro wote ulinuka uwatu. Zilijaza mapipa mawili ya bati. Alitenga pia kopo dogo la khakhra tupu, zisizo na jani, kwa ajili ya siku ya kurudi.

Kuhusu hilo kopo dogo lazima niseme, kwa sababu ndani yake ndimo mambo yote yalimokuwa. Siku ya kurudi ilikuwa ya kumi na nne ya mwezi, na siku ya kumi na nne hatuli kitu chochote cha kijani. Mtu mwingine anaweza kusahau akala giligilani kwenye mchuzi na asijue. Vasuben hakusahau kamwe. Tangu alipoolewa aliishi na mwezi kama wengine wanavyoishi na saa. Kupanda ilikuwa ni kumi na tatu: majani ruksa. Kurudi kumi na nne: kopo dogo, khakhra moja moja ndani ya basi, inatosha. Alikuwa amefikiria kila kitu.

Siku moja kabla ya kuondoka, Kirtibhai alisimama langoni na kusema mwenye basi amelitoa kwa harusi, tutaondoka kesho kutwa. Watu walinung'unika kidogo, kisha wakafurahi, maana wengine walikuwa hawajafunga mizigo. Nilimwuliza Vasuben kama chakula kitaharibika.

"Khakhra haziharibiki," alisema. Alikuwa akifunga kamba za viatu vyake, akizifungua, akizifunga tena, akijaribu fundo lisilofunguka njiani.

Tuliondoka siku hiyo, sufuria na jiko la gesi vimepakiwa kwa mazoea, tukafika Palitana jioni. Asubuhi tulikwenda chini ya mlima na ukungu bado umeshika ngazi, wabebaji wakiita, wazee wakichagua fimbo. Kila mtu aliinama akagusisha paji la uso kwenye ngazi ya kwanza. Vasuben aliinama muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye paji, na hakulifuta.

Tukaanza. Alipanda polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwangu, na sikuhisi uzito wowote. Viatu vyeupe vilikwenda ngazi kwa ngazi kama vinavyosoma. Tulifika mahali pa kwanza pa kupumzikia, na hapo Manjulaben, ambaye alikuwa mbele yetu kidogo, aligeuka akatazama umati unaopanda.

"Watu wengi leo! Ni hii kumi na nne. Na mimi nimefunga kabisa, maji tu."

Niliuhisi mkono wa Vasuben begani. Haukubana. Uliacha kuwepo.

"Leo ni kumi na nne?"

"Sasa ni lini? Si tumesogeza siku."

Vasuben alisimama. Watu walitupita pande zote mbili, wakitaja jina la Babu kwa sauti. Alipanda ngazi nyingine chache, na nikadhani jambo limepita. Kisha akasema, akitazama mbele, "Daksha, zile khakhra zina majani."

"Najua, Masi. Si neno. Kuna vile vipande vya sukari guru."

"Kirti ana sukari."

"Kirtibhai atakula tambi."

"Mama yake hana meno. Tambi atazila na nini?"

"Kuna lile kopo."

"Lile kopo ni kipande kimoja kwa mtu. Wameshuka mlima, kipande kimoja?"

Manjulaben alikuwa amesikia. Sura yake kali ililegea. "Wacha, Vasu. Siku moja tu. Twende."

"Wewe umefunga, huna neno. Nasema wao."

Kirtibhai aliita kutoka juu, mikono kinywani: "Masi! Usisimame katikati, utageuzwa hekalu, watu waanze kukuzunguka!" Wote tukacheka. Yeye pia alicheka. Huyu Kirtibhai tungemwambia pale pale, angejibu nini? Nimelifikiria mara nyingi. Angesema twende, nitakula nikifika nyumbani. Nina hakika. Lakini alishageuka, anapanda, amembeba mtoto wa watu mgongoni.

Vasuben aliutoa mkono wake begani kwangu.

"Tangulieni," alisema. "Nashuka kuangalia mtungi wa gesi, sikumbuki kama niliufunga. Nitawafuata."

"Tushuke pamoja basi."

"Panda wewe. Ukamwangalie vizuri, unieleze." Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama, akasema kwa ukali kidogo, "Panda, Daksha! Ngazi zote hizi hazitakungoja."

Manjulaben nami tulimtazama akishuka. Kushuka ni kugumu zaidi kwa magoti. Alishuka kando kando kama kaa, fimbo kwanza, halafu mguu, halafu mguu mwingine, akiwapisha wanaopanda na kuwaambia samahani. Viatu vile vyeupe tuliviona kwa muda mrefu. Kisha ukungu ukavificha.

Chakula cha siku ile sijakila tena popote. Tulishuka alasiri tukakuta wali wa moto, dengu iliyoungwa kwa karafuu na mdalasini, mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, papadi zilizopikwa ndani ya mchuzi mwekundu kwa sababu mboga haikuruhusiwa, na chapati laini zinazopanda juu kama zimepulizwa. Hakukuwa na jani hata moja. Sijui alivipikaje peke yake, na vitu amevinunua mjini asubuhi ile. Mama yake Kirtibhai alikula mpaka akaegemea ukuta akafumba macho.

"Masi," Kirtibhai alisema, akilamba vidole, "hivi vyote ulitaka kutunyima, utulishe makavu? Mwakani usirudie. Wewe na mlima ni wapi na wapi? Kazi yako ndiyo hii." Alisema kwa mapenzi. Watu wakaitikia kwa mapenzi.

"Kula," Vasuben alisema. "Jua linashuka."

Aliendelea kupita na kikapu cha chapati, akiinama kwa kila mtu, miguu yake mitupu sakafuni. Viatu vilikuwa juu ya dirisha la jiko, kimoja kimelazwa juu ya kingine. Nilikuwa nimeshiba nusu nilipotambua kitu kinachokosekana. Hakuwa ameuliza.

Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ameona. Nikamfuata jikoni nikasema, "Masi, Babu leo alikuwa..."

"Kale kwanza," alinikatiza, akiwa na mgongo kwangu. "Ukimaliza utaniambia." Nikarudi kukaa, nikala. Nilipomaliza, alikuwa ameinamia sufuria, anazisugua kwa majivu, na wanawake wamemzunguka, wanacheka kuhusu mtu aliyeteleza njiani. Hakukuwa na nafasi ya kusema.

Zile khakhra za uwatu zilirudi na sisi mapipa yote mawili. Siku ya kurudi ilikuwa ya mwezi mpevu, na siku hiyo wengi hatuli majani pia, kwa hiyo hata ndani ya basi hazikufunguliwa. Aligawa nyumba kwa nyumba, na kwa wiki nyingi tulizila asubuhi na chai. Zilikuwa tamu kupita zote alizowahi kutengeneza.

Baada ya hapo habari ya kwa nini alishuka ilizunguka, kama kila habari ya uchochoro wetu, na kila mtu alisema neno lile lile. Angesema tu. Kirtibhai alilisema mpaka machozi yakamtoka: "Angesema tu, Dakshaben. Tungefunga. Kufunga ni kitu gani kwetu?" Manjulaben alikwenda mwenyewe mpaka kwa Vasuben, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, akamwambia mwakani atabaki yeye apike, kila mtu ale asile. Wakacheka wote wawili, kwa kuwa Manjulaben hajui kupika hata maji bila kuyaunguza.

Mwaka uliofuata magoti yalikataa. Alifika Palitana, alipika akiwa amekaa kwenye kigoda, na alituuliza swali lake kama zamani, na safari hii tulimjibu kwa kirefu, sote kwa pamoja, tukikatizana, mpaka akaziba masikio. Mwaka wa baada yake hata basi hakuweza kulipanda. Sasa tunaajiri mpishi. Sufuria bado ziko chini ya ngazi zake.

Mwaka jana nilipanda peke yangu siku ya kawaida, pasipo umati. Nilikuwa nimeamua. Nilisimama mbele ya Babu mpaka mtunza mlango akaanza kunitazama, nikakariri kila kitu: maua meupe ya asumini kifuani, mstari wa waridi kila upande, liwa kwenye paji, jicho la kulia linavyopata mwanga kabla ya la kushoto. Niliyabeba hayo yote kushuka ngazi kama mtu anayebeba maji mikononi. Sikumsemesha mtu njiani.

Nilimkuta barazani, kitandani kwake cha kamba, miguu imefunikwa shali, bakuli la nafaka ya njiwa mapajani. Nikakaa karibu naye.

"Masi, nimemwangalia vizuri. Sikiliza. Leo Babu alikuwa..."

Aliinua mkono. "Usiniambie."

"Kwa nini?"

"Miaka yote mmenipa vipande. Njano, nyekundu kidogo, chapati ziko wapi. Mimi nikawa najazia mwenyewe nikisukuma. Sasa ninaye wangu." Alitupa punje chache, njiwa wakashuka. "Ukinipa wa kwako, wangu atakwenda wapi?"

Yale maua niliyoyabeba nikayaacha yamwagike.

Aliniuliza mpishi alitupikia nini kule. Nikamwambia nilikwenda peke yangu, nilikula mgahawani, jibini kwenye mchuzi wa nyanya. "Jibini! Palitana!" akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikamletea maji. Alikunywa, akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akatazama nyumba ya Manjulaben ng'ambo, ambako walikuwa wakitundika mapambo. Manjulaben ndiyo kwanza amemaliza mfungo mwingine, huu wa majira ya baridi, na ngoma zilikuwa zinakuja.

"Hakuna aliyeniambia nirudi, Daksha," alisema. "Mama mkwe alikuwa ameshakufa. Yeye angeniambia, safari ile ningemkatalia. Lakini hakuna aliyeniambia." Ngoma zilifika langoni, watoto wakakimbia. Ilimbidi apaze sauti. "Mngefunga siku moja tu. Katika watu wetu, nani amewahi kufa kwa kufunga siku moja?"

Halafu akaniomba nimsaidie kuinuka, ampungie Manjulaben mkono.